Betri Iliyolala Mvua Nzima

Mjukuu wangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaniachia pikipiki yake nyuma ya nyumba hapa Section 58, Nakuru, imefunikwa turubai, nayo ikakaa hapo mpaka alipochoka na Mombasa akarudi. Aliifunua, akabonyeza, kimya. Akanijia jikoni akasema, "Shosh, betri imekufa," kwa sauti ya mtu anayetaka kujua mimi nilikuwa wapi ikifa. Alipoing'oa na kuiweka kwenye sementi, ilinijia ile harufu chachu inayokwaruza koo, nikavuta kiti nikakaa. Siku hizi miguu yangu haihitaji sababu kubwa ya kukaa, lakini siku hiyo sababu ilikuwapo.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Tunaingia jikoni hatujui tulifuata nini, tunaita watoto kwa majina ya baba zao, lakini harufu moja ikikupata imekupata. Mimi ile ya betri hunirudisha kule juu Bahati, kwenye shamba la mzungu, katika nyumba ya udongo iliyokuwa na mlango wa bati, na baba yangu amekaa kwenye kizingiti akivua viatu vilivyojaa tope jekundu, amechoka hata kuzungumza.

Baba alikuwa akiangalia ng'ombe wa mashamba mawili ya mzungu mmoja, moja hapo Bahati na jingine upande wa Solai, na kwa sababu hiyo alipewa pikipiki. Haikuwa yake, lakini kwetu sisi watoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, ilikuwa yake, na kwangu mimi ilikuwa yetu. Mvua ndefu zikianza, ile barabara ilikuwa haipitiki. Baba alikuwa ameshaanguka nayo mara kadhaa mwaka uliotangulia, kwa hiyo mzungu aliamuru iwekwe mpaka ardhi ikauke. Iliwekwa katika nyumba ya kukaushia maua ya pareto, imeinuliwa juu ya mawe, imefunikwa magunia. Baba alipaka mnyororo mafuta, akamwaga petroli iliyobaki ndani, akapangusa kila chuma kwa kitambaa. Kila kitu alikitunza ila betri, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba betri nayo hutunzwa.

Mwaka ninaousema, mama alipelekwa hospitali ya Nakuru mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Ilikuwa kifua. Alikuwa amekonda hadi leso ikawa haishiki kiunoni, na usiku alikuwa akitoka nje kukohoa ili asiniamshe, nami nilikuwa macho. Alipakiwa juu ya lori la pareto pamoja na magunia, na Shangazi, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Maragoli kukaa nami. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee na sikuwa nimeanza shule. Meno ya mbele ndiyo yalikuwa yanang'oka.

Baba alijaribu kwenda kumwona kwa miguu, Jumapili moja. Aliondoka alfajiri kwenye mvua. Miaka ile njia zote zilikuwa na askari, na mtu mweusi aliyekutwa akitembea mbali na shamba la tajiri wake alikuwa na maelezo mengi ya kutoa. Walimlaza rumande, hakuwahi kufika hospitali, na mzungu alipokwenda kumtoa alimwambia asirudie tena. Asubiri mvua iishe, achukue pikipiki, atembee na ruhusa mfukoni kama mtu wa kazi. Baba alirudi ameloa, akala ugali bila kuinua macho, akasema, "Kageha, mvua ikiisha pikipiki itatoka. Tutamwona mama." Nikaanza kulichukia wingu kila asubuhi.

Mvua ilichukua muda wake. Sisi sote tulichoka. Kuni zilikuwa zinalia maji jikoni, nguo zilikuwa hazikauki, Shangazi alilalamikia mgongo na akailalamikia nchi nzima ya Nakuru kwa baridi yake. Baba alikuwa akisinzia akila. Nilikuwa nikienda peke yangu kwenye nyumba ya pareto kuinua pembe ya gunia na kuangalia kama pikipiki bado ipo, kisha nalifunika tena.

Siku ilipotolewa nilikuwapo. Jua lilikuwa limewaka karibu juma zima, tope limekuwa ganda. Baba alitia petroli, akapanda, akapiga kiki. Haikukohoa hata. Akapiga tena na tena mpaka jasho likalowesha shati, akabadilisha mguu, akapiga. Akawasha taa, haikuwaka. Akabonyeza honi, ambayo nilikuwa nimeingoja kuliko yote, nayo ikanyamaza. Pikipiki nyingine za siku hizo ziliwaka bila betri, lakini hiyo haikuwa ya namna hiyo. Watu wa laini wakaja kusaidia. Waliisukuma kwenye mteremko mpaka chini kabisa kwenye josho la ng'ombe, baba akiwa juu yake akiruka-ruka kitini, na ikafika chini bado kimya. Kisha ikabidi wairudishe juu.

"Wacheni tu," baba aliwaambia. "Betri imekufa. Imelala sana."

Akafungua mkebe wa spana, akaitoa betri, akaileta nyumbani mikononi. Ilikuwa nyeusi, ndogo kuliko nilivyotarajia, na vile vichwa vyake viwili vya madini ya risasi vilikuwa vimeota unga wa kijani. Aliiweka ukutani, akamwambia Shangazi isiguswe, akarudi kwa ng'ombe wake kwa sababu kazi haikujua habari ya pikipiki.

Sasa, Shangazi hakuwa mjinga. Alikuwa na tochi, na kila mwenye tochi katika laini alijua kwamba mawe yake, zile betri ndogo za ndani, yakiisha nguvu huyatupi. Unayaanika juani juu ya bati, au kama jua halitoshi unayalaza pembeni ya jiko ambapo majivu yana joto, na yakishapata joto yanakupa mwanga wa siku nyingine kadhaa. Sote tulifanya hivyo, na nina hakika nyinyi mnaonisoma mlifanya hivyo pia. Shangazi aliiangalia ile betri ukutani. Alimwangalia na ndugu yake jinsi alivyokuwa anavuta miguu akienda. Jioni hiyo aliyalaza mawe yake ya tochi pembeni ya jiko, na kwa huruma akailaza betri ya pikipiki kando yao, akaisogeza karibu zaidi kwa kuwa ni kubwa.

Baba alipoingia, nyumba ilikuwa inanuka ile harufu. Lami iliyoziba juu ya betri ilikuwa imelainika na kushuka ubavuni, maji yake yamechuruzika kwenye majivu yakafanya povu, na leso ya Shangazi aliyokuwa ameitumia kuigeuza ilikuwa imeanza kufanya matundu mbele ya macho yetu.

"Dada," baba akasema polepole, "hii si ya tochi."

"Na si inaitwa betri?"

"Inaitwa betri."

"Basi mimi nimekosa wapi?"

Baba aliivuta kwa ukuni, akaiweka nje, akakaa chini palepale mlangoni na viatu vyake. Nilimwona akiweka uso kwenye viganja. Shangazi aliendelea kuusonga ugali kwa nguvu nyingi kuliko ugali ulivyohitaji, na baadaye nilimsikia akimwambia, "Nilitaka tu uende umwone mkeo," na baba akasema, "Najua."

Mzungu alimruhusu baba apande lori la pareto kuipeleka betri mjini, na baba akaomba nami niende ili mama anione. Nilikaa juu ya magunia, betri iko katikati ya miguu ya baba ndani ya debe lenye mchanga. Pareto ilinipigisha chafya mpaka Nakuru.

Fundi alikuwa Kalasinga mwenye karakana ya mabati karibu na reli. Alikuwa na kilemba chenye madoa ya grisi na sauti nzito, na aliinama juu ya betri yetu akaichungulia. Halafu akaigusa ile lami iliyoshuka.

"Hapa nani napika?"

"Dada yangu," baba akasema.

"Dada yako napika betri." Hakucheka. "Na wewe nalaza hii tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

Fundi akafungua vifuniko. Akachukua mrija wa kioo wenye mpira juu, akauchomeka ndani, akavuta maji kidogo, akauinua kwenye mwanga wa mlango akautazama. Akatikisa kichwa. Akaongeza maji kutoka kwenye chupa, akaifunga betri kwa nyaya mbili kwenye mashine iliyokuwa inanguruma ukutani, pamoja na nyingine zilizopangwa kwenye ubao.

"Acha hapa nalala. Tapatia nguvu kidogo kidogo. Haraka hapana. Namna hii, ukipatia nguvu mingi mara moja nakufa kabisa."

Tulitoka hapo tukaenda hospitali. Wodi ya kifua ilikuwa peke yake, ina veranda ndefu, na sista mmoja aliyevaa nyeupe alitusimamisha kwenye ngazi. Watoto hawaruhusiwi, alisema. Baba akamwuliza mgonjwa wake anaendeleaje.

"Anaendelea," sista akasema. "Tunampa sindano. Nguvu zinarudi pole pole. Lakini usimharakishe, mzee. Ukimtoa kabla ya wakati atakufia nyumbani."

Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Nilimwona mtu mwingine mwenye nguo nyeupe amesimama penye dirisha, ameinua mrija wa kioo kwenye mwanga, anautazama. Nikaelewa kila kitu. Hakuna aliyekuwa amenidanganya wala kunieleza. Niliona kwa macho yangu kwamba hospitali na karakana ni kazi moja, na kwamba huko ndani mama amepangwa pamoja na wengine, anapewa kidogo kidogo. Baba aliingia peke yake. Mimi nilikaa kwenye nyasi, na baada ya muda mtu akatokea mwisho wa veranda akanipungia mkono, mbali sana, na sikujua kama ni yeye. Nami nikapunga, kwa adabu.

Moyo wangu ulitulia kabisa siku hizo. Betri ikipona, mama naye atapona, na fundi yule alionekana mtu wa kuaminika. Nilimwambia Shangazi haya yote, akasema, "Mungu ni mwema," akaendelea kupeta maharagwe.

Lori liliporudi mjini tena tukapanda. Fundi alitukaribisha kwa kutikisa kichwa kama mara ya kwanza. Akaichukua betri yetu, akaigusisha waya, cheche ikaruka, ndogo, ya manjano. Akangoja kidogo, akagusisha tena. Hakuna kitu.

"Naona? Napokea, lakini hapana shika. Hii ndani imeharibika. Kwisha."

Baba alisimama pale na kofia mkononi. Alikuwa ameamka kabla ya ng'ombe ili awahi lori. "Hakuna namna?"

"Namna iko." Fundi akanyoosha mkono rafuni akashusha nyingine, imepanguswa, inang'aa, lebo yake bado ina rangi. "Chukua hii ingine. Mzuri kupita ile." Na ile yetu akaitupa nyuma ya mlango.

Nilichungulia nyuma ya mlango. Zilikuwa nyingi huko, zimerundikana, nyingine zimepasuka, zote nyeusi, na ya kwetu ilikuwa imeangukia kichwa. Nilianza kulia. Baba alidhani ni njaa, akaninunulia mandazi, nikayashika tu mkononi mpaka yakapoa. Juu ya lori nikamwuliza, "Ile yetu atafanyia nini?"

"Ipi?"

"Ile ametupa."

"Atapasua, atoe risasi. Hiyo nyingine ni takataka." Alikuwa amefumba macho. Betri mpya alikuwa ameipakata.

Pikipiki iliwaka kwa kiki ya pili. Laini nzima ikashangilia, honi ikalia mpaka kuku wakakimbia, na Shangazi akafunga leso yake yenye matundu akacheza. Mimi nilikwenda nikajificha nyuma ya nyumba. Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada baba alishuka Nakuru na ruhusa yake mfukoni, akarudi jua likiwa bado lipo, na uso wake ulikuwa unafunguka kidogo kidogo. "Mama yako anaendelea vizuri," aliniambia. "Hata amenenepa." Nilimtazama. Mama yangu hakuwahi kunenepa. Mimi nilijua wanachokifanya huko, na nikaona kwamba baba ama hajui ama amekubali.

Kisha baba akamleta. Ilikuwa alasiri, jua zuri, wanawake wa laini wamesimama njiani wanaimba wimbo wa kanisani. Pikipiki ilipanda mteremko ikiwa imebeba watu wawili, na yule wa nyuma, aliyekaa upande, alishuka kwa uangalifu akaweka kifurushi chake cha nguo chini. Alikuwa mwanamke mnene. Mashavu yalikuwa yamejaa, ngozi yake imekuwa nyeupe-nyeupe kwa kukaa ndani, nywele zimekatwa zikabaki fupi kama za mwanamume. Alivaa gauni nisilolijua, alinuka sabuni nisiyoijua. Na hakukohoa. Alinyoosha mikono akasema jina langu, na sauti ilikuwa inafanana sana, ndiyo iliyonitisha zaidi.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Kageha, ni mama," baba akasema.

"Si huyu."

Watu wakacheka. Mtu akasema mtoto amesahau. Nilimshika baba suruali, nikamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mrudishe. Enda uchukue yule wetu. Mimi namtaka yule wetu hata kama ameharibika."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Baba alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichoangukia majini, na nadhani alikipata, kwa sababu mkono wake ulinishukia kichwani ukabaki hapo, mzito. Yule mwanamke hakunilazimisha. Mikono yake ilikaa imenyooshwa kitambo, kisha akaishusha. Alikaa kwenye kizingiti, akamwambia Shangazi, "Mwache. Mimi nimezoea kungoja," na akaomba ungo wa maharagwe ili mikono yake ipate la kufanya.

Alikaa hivyo siku nyingi. Alinipikia, nikala nikiangalia pembeni. Alinifulia, nikavaa. Shangazi alirudi kwao na mgongo wake. Sikumbuki siku niliyomwita mama. Nakumbuka tu kwamba ilifika wakati nikawa namwita, na jina lilikuwa linamtosha vya kutosha. Aliishi miaka mingi. Alimzika baba, alilea watoto wangu, na kila nilipopata shida ndiye niliyemkimbilia.

Akiwa mzee kuliko nilivyo mimi leo, nilikuwa nikimwosha miguu siku moja, nikamkumbusha jinsi nilivyomkataa mbele ya laini nzima. Nilidhani tutacheka. Aliyatazama maji ya beseni.

"Wewe ndiye uliyeona vizuri," akasema. "Wengine wote waliimba tu. Wagonjwa walipokuwa wanakufa vitandani kushoto na kulia kwangu, kuna siku yule mama yako alikufa nao. Mimi niliyetoka nilikuwa mtu mwingine. Nilikuja nikakuta mtoto anamngoja, basi nikashika kazi yake."

Niliendelea kumsugua kisigino. Mwishowe nikamwambia kwamba kazi hiyo aliifanya vizuri, kwamba sikuwahi kukosa kitu.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimechoka hivi."